Kumrudisha Salhiya Kwao

Mdogo wangu Salhiya amezaliwa nyumba hii hii ya Kidichi, na kila siku ananiomba nimrudishe kwao. Ndiyo maradhi yake, kusahau. Jana nilimfokea: "Kwenu wapi tena, we Salhiya? Kwenu si hapa?" Akalia. Nikaona haya, maana mdomo wangu huu haujui kutulia.

Leo alipoanza tu, nikavaa buibui na makubadhi. "Haya, twende kwenu." Nilitaka tuzunguke kilima, turudi kwa upande wa barabarani, labda akiiona nyumba kwa mbele ataijua. Na akinijua na mimi, basi sina haja nyingine.

Tukapanda kwenye mikarafuu. Mvua ilikuwa imekatika sasa hivi, ukungu umelala juu ya msitu wa Masingini. Kule juu miti inapoachana pana uwanda wa majani na vimaua vya zambarau, vyote vimerowa. Salhiya akawa anapitisha mkono juu yake, taratibu, kama anayechagua kanga dukani. Bahari ilionekana, kisha haikuonekana. Sikusema kitu, na mimi kunyamaza ni kazi.

Tukateremkia hamamu ya kale, nyumba ya kuogea ya enzi za masultani. Makuba yake yalitokeza ukunguni moja moja. Ndani Salhiya akaita jina lake mwenyewe, sauti ikamrudia, akacheka. Nilikuwa nshasahau kicheko chake.

"Tukija hapa na dada yangu, yeye huingia kwanza, aangalie kama mna nyoka," akaniambia. "Mkali huyo, lakini ananipenda."

"Dada yako nani?"

"Mwanapili."

"Ndo mimi, Salhiya."

Akanitazama kwa adabu. "Mwanapili bado kijana, bibi."

Tukarudi kwa upande wa barabarani. Mbele ya nyumba akasimama, uso ukamfunguka. "Nshafika. Ahsante, bibi. Sasa nenda kwako, dada yumo ndani, akinikosa atagomba."

Akaanza kugonga. Roho iliniuma, nikataka kumpigia kelele. Badala yake nikazunguka migombani, nikaingia kwa mlango wa jikoni, nikatupa buibui, nikamfungulia kwa ndani.

"Ulikuwa wapi wewe? Mimi roho juu."

Akaniangukia kifuani. "Usinigombeze, dada Mwanapili. Nshakuja."

Nikamgombeza kidogo, asije akanisahau.