Waulizaji wa Saa Sita

Fundi wa seva, kompyuta inayotuma kurasa kwenye simu za watu, alikuwa akipangusa vumbi kwenye feni, katika chumba cha mitambo cha hospitali, wakati nakala ilipokwisha muda wake. Ilikuwa nakala ya ukurasa mmoja tu, unaowaambia wagonjwa kama dawa ya sukari imefika. Kila siku seva iliuandaa ukurasa huo mara moja, kisha ikawagawia watu nakala ileile hadi saa sita mchana, muda wake ulipokwisha. Hapo wote waliokuwa wakiuliza kwa simu zao waliiangukia seva kwa pamoja, kila mmoja akitaka iuandae upya, nayo ikazimika.

Siku hiyo waulizaji walikuja wenyewe. Walitokea ukutani, kwenye tundu la nyaya, wengine wamevaa kandambili, wengine wana watoto mgongoni, mmoja ana povu la sabuni hadi viwikoni. Chumba kilikuwa kidogo, lakini kiliwatosha, na kadiri walivyozidi kuingia, ukuta wa nyuma ulisogea mpaka ukawa mbali kama upeo wa macho. Wote waliuliza swali moja kwa sauti moja. Seva ikatetemeka. Fundi alivua viatu bila kujua kwa nini.

Msimamizi alichungulia mlangoni. "Waambie wasikanyage nyaya," alisema, akaenda kula.

"Jamani, swali lenu ni moja," fundi alisema. "Aende mmoja akaulize. Wengine shikeni nakala ya zamani, mngoje."

"Na huyo mmoja akipotelea humo ndani ya seva?" aliuliza mwenye povu. "Mimi nimeacha nguo kwenye beseni."

"Akikawia, nitamtuma mwingine. Lakini mmoja tu."

"Basi aende yule bibi. Miguu imemvimba, asisimame kungoja."

Bibi akajitokeza. Alikuwa mama yake fundi.

"Mama! Si nilikuambia upumzike, nitakuulizia?"

"Uliniambia juzi, mwanangu. Jana nilijidunga sindano ya mwisho. Hebu nipishe."

Alipita katikati ya taa za kijani za seva kama mtu aingiaye jikoni kwake. Seva ikatulia. Fundi hakuwahi kusikia kimya kikubwa namna ile: watu wasioonekana mwisho wao, wote wamezuia pumzi kwa ajili ya mwanamke mmoja mwenye sweta lililotoboka kiwiko.

Alirudi na ukurasa mpya, ungali na joto. Akampa jirani, jirani akampa mwenzake, na kila aliyeutoa alibaki nao. Ulikuwa umeandikwa: Dawa haijafika.

Wakashukuru, wakarudi tunduni mmoja mmoja. Mama alimtengeneza fundi, binti yake, kola. "Umefanya kazi, mwanangu. Leo hata haikuzimika."

Fundi aliiagiza seva ifuate utaratibu huo daima. Tangu hapo haijazimika. Kila mchana humjibu upesi kila anayeuliza, kwamba dawa haijafika.

Anayetumwa kuuliza ni yuleyule mama. Baada ya mazishi yake fundi alifikiria kumtafuta mwingine, lakini waulizaji walikataa. Walisema huyo ameshaizoea njia, na miguu yake haivimbi tena.