Nyoka wa Nélida

Kitu pekee alichokiogopa Eleuterio duniani ni nyoka. Mengine yote uliyomwambia yaliingia sikio hili yakatokea lile, na Nélida mkewe alishachoka kubembeleza. Kila jioni, pale kwenye kambi ya wachimba dhahabu kando ya mto Madre de Dios, bwana huyo alichoma dhahabu yake jikoni kwenye kikaango kikuukuu, wezi wasimwone, zebaki aliyonasia chembe zake ikifuka mpaka iishe. Binti yao Damaris, ambaye hata shule hajaanza, sasa alikuwa akitetemeka mikono.

"Ni moshi huo, mama," daktari wa zahanati alimwambia Nélida. "Unamharibu mishipa ya fahamu."

"Nimemwambia mume wangu. Anacheka tu! Anasema hauna hata harufu."

"Ndivyo tulivyo wote. Watu wa kale walioruka kila kijiti wakidhani ni nyoka, ndio waliopona wakatuzaa sisi. Zebaki imekuja juzi juzi. Mwili haujajifunza kuiogopa."

Nélida aliondoka na hilo la nyoka kichwani. Asubuhi yake akapiga ukelele: shushupe mkubwa, yule nyoka wa sumu kali, kaingia jikoni, kapotelea chini ya mbao za sakafu! Nyoka hakuwepo. Lakini Eleuterio, mkaidi wa mwaka mzima, alibeba kikaango chake akahamia kibanda cha mtoni kabla jua halijakaza. Nélida akamshukuru Mungu, na aibu ya uongo wake akaimeza.

Jioni alitoka kuanua nguo. Aliporudi, Damaris hayupo. Akakimbilia mtoni roho mkononi, akamkuta mtoto kapakatwa na baba yake, kikaango mbele yao kinafuka.

"Umemleta huku?"

"Nimwache na shushupe? Una wazimu wewe?"

"Hakuna nyoka, Eleuterio! Nilikudanganya, nilitaka utoe huo moshi ndani!"

Eleuterio akatikisa kichwa. "Na kama yupo? Nikikosea mimi, nitachekwa, basi. Ukikosea wewe, tunazika."

"Tunamzika tayari, baba Damaris! Itazame mikono yake!"

Hakuitazama. Macho yake yalikuwa kwenye majani, ambako kitu kilikuwa kimechakarika.

Nélida akamnyakua mtoto, akapanda naye hadi nyumbani. Mlangoni pa jiko miguu yake ikagoma. Alijua hamna kitu mle. Nyoka yule alimtunga mwenyewe. Hata hivyo alisimama pale, kambeba mwanawe anayetetemeka, akizikodolea macho mbao za sakafu, na moshi wa mtoni ukawafikia taratibu mgongoni bila yeye kugeuka.