Kimya cha Chumba cha Kushonea

Mwanagenzi alivaa hedifoni, akaweka kinasa sauti begani, akainua ufito wenye maikrofoni juu ya kichwa. Mikono ilianza kumuuma kabla kazi haijaanza. Hii ilikuwa wiki yake ya kwanza, na tayari alikwisha kurekodi mahojiano mazima bila kubonyeza kitufe chekundu. Mwalimu wake, mpiga picha mwenye mvi asiyeishiwa kejeli, alimwambia kwamba hata mbuzi angekibonyeza kwa bahati.

Kiwanda cha nguo kilitaka filamu fupi ya kuwaonyesha wanunuzi kwamba wafanyakazi wake wako salama. Msimamizi alikwisha kuyasema hayo mbele ya kamera, akitabasamu. Nyuma yake palikuwa na mlango wa dharura, na kwenye mlango palikuwa na kufuli. Mwalimu alisogeza kamera kidogo, kufuli likatoka kwenye picha.

Ikabaki sauti ya chumba. Kila chumba kina kimya chake, mwalimu alieleza, na mhariri hukitumia kutia viraka kati ya maneno. Cherehani zikazimwa. Washonaji wakaambiwa wakae dakika nzima bila kusogea, hata kikohozi wakimeze. Dada yake mwanagenzi alikuwa mstari wa pili, mikono mapajani. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Mwanzoni mwanagenzi alisikia taa zikivuma. Kisha akasikia ngumi zikigonga mlango. Alitazama mlangoni, hapakuwa na mtu. Ngumi zikaongezeka. Viti vilianguka, watu walikohoa, mmoja akasema moto umefika kwenye marobota, na mwanamume akajibu kwamba ufunguo ameuacha ofisini. Mbele yake washonaji walikaa kama walivyoagizwa, mmoja akipiga miayo. Halafu sauti ikaita, "Kitinda, Kitinda." Duniani ni mtu mmoja tu anayemwita mwanagenzi hivyo, na mtu huyo alikuwa mstari wa pili, midomo ameifumba, akimtazama.

Ufito ukashuka. Mwalimu akamkata jicho. Mwanagenzi aliogopa sana, kwa ajili ya dada yake na kwa ajili ya kazi yake, asijue lipi linamtisha zaidi. Akajikaza kisabuni mpaka dakika ikaisha.

Mwalimu alichukua hedifoni, akasikiliza. "Leo umerekodi vizuri," alisema. "Hakuna mkwaruzo. Ila mhariri hawezi kukitumia kimya hiki. Tutachukua cha stoo."

"Mwalimu, wanakufa."

"Nimesikia. Lakini si leo."

Msimamizi, ambaye hakupenda kupitwa na jambo, aliomba naye asikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha. "Huyo aliyeacha ufunguo ofisini ni mimi," alisema.

"Basi bosi, si ufungue tu?" mwanagenzi aliuliza.

"Mlango ukiwa wazi vitambaa vinaibwa. Na ajali haina kinga, binti." Alifuta jasho lake kwenye hedifoni kabla ya kuirudisha, maana alikuwa mtu mstaarabu.

Mwanagenzi akamwendea dada yake, akainama karibu na cherehani.

"Dada, twende nyumbani."

"Tukale nini?"

"Nimekusikia humu ndani ya kinasa sauti."

"Sisi huzisikia sauti zetu hizo kila zikizimwa cherehani. Ndiyo maana hatupendi zizimwe." Dada alimtengeneza ukosi uliokunjwa na mkanda wa kinasa sauti. "Nilikuwa nasemaje?"

"Ulikuwa unaniita."

"Halafu?"

"Halafu ukanyamaza."

Dada alipitisha uzi kwenye sindano.

"Afadhali," alisema. "Siku zote nilikuwa sijui kama unanisikia."

Akawasha cherehani, na nyingine zikafuata. Mwalimu aliita kutoka stoo kwamba kila kitu kiko tayari. Mwanagenzi akachukua ufito, akaenda.