Waya wa Taa ya Joto

Fundi alifungua kifuniko cha oili kwenye gari la baba yake. Ndani palikuwa na kitu kama chai ya maziwa. Akawasha injini, akachungulia rejeta: mapovu yanapanda kama uji. Nyuma, moshi mweupe. Wiki mbili mzee anajaza maji kila asubuhi na chini halionekani hata tone.

Gasketi ya hedi imekwisha. Ile inayobanwa katikati ya injini ili maji na oili visikutane. Sasa vimeshakutana.

Mama alikuwa tayari kiti cha nyuma, viatu vimefungwa, miguu imevimba. Zamu yake ya kusafishwa damu ilikuwa saa nne, na akiikosa, kifua hujaa maji. Fundi alipiga simu kwa jirani mwenye gari, yuko safarini. Wa pili alicheka: "Gari langu si unalo wewe, umelifumua juzi?" Ambulansi wakasema mama yuko nyuma ya wagonjwa saba. Pikipiki mama hawezi.

Akamwambia mzee gari halifiki, litakufa njiani.

"Acha uoga. Taa haijawaka," mzee alisema. "Hii dashibodi nimeiangalia kabla wewe hujaota meno."

Fundi akatazama chini. Mwezi uliopita mzee alilalamika kwamba taa ya joto inamwakia kila akipanda mlima, inampandisha presha. Fundi alikuwa na magari matatu yanamsubiri. Akakata waya, taa ikazimika, na mzee akamsifia mtaa mzima.

"Niliikata, baba."

 Mzee aliingia garini, akashika usukani, akaachia, akashika tena. Fundi alitamani hata atukanwe.

"Twendeni, wanangu," mama akasema huko nyuma, kana kwamba na mumewe ni mwanawe. "Kukaa hapa nako ni kufa."

Fundi akajaza maji mpaka juu, akapanda mbele na dumu kubwa mapajani. Walitoka polepole. Kwenye kona kilima kilionekana, kirefu, na hospitali iko upande wa pili. Injini ikaanza kugonga. Harufu ya maji ya moto na oili ikaingia ndani.

Mzee alikuwa anaitazama dashibodi, hapo pa taa. Palikuwa peusi.

"Imewaka?" mama aliuliza.

Mzee akabadilisha gia, gari likaanza kupanda kilima.