Ng'ombe Sitini Tu

Asubuhi ile, katika baridi ya Nainokanoka, kijiji cha wafugaji, Mwalimu Remigius alikuwa akiwaimbia tena darasa la saba wimbo wake wa mwaka mzima: soma maswali kwanza, ndipo usome habari; piga mstari chini ya maneno yenye jibu; futa majibu yasiyowezekana. Kabla hajamaliza, pikipiki ya afisa elimu, Bwana Hhando, ikazima mlangoni.

Hakuwasalimia watoto. Alibwaga mezani karatasi za mtihani wa majaribio. Swali la nne la ufahamu, wote arobaini na mmoja walikosa, tena kwa herufi ileile. Huo ni udanganyifu, alisema. Matokeo yanafutwa, na mwalimu aandike barua kukiri kwamba aliwapa majibu.

Remigius akaisoma habari yenyewe. Mzee fulani hana shamba, hana nyumba ya bati, ana ng'ombe sitini tu. Je, mzee huyu ni mtu wa namna gani? Watoto walichagua "tajiri". Mwongozo wa kusahihisha ulisema "maskini". Mtu gani mwenye akili timamu huandika "sitini tu"?

Akamwita Soila, ambaye mfadhili aliahidi kumlipia sekondari ya bweni Karatu akishaona matokeo hayo. Akamwambia aeleze alivyolipata jibu.

"Nilipiga mstari hapa, mwalimu. Ng'ombe sitini." Macho yake yalikuwa chini, kwa adabu. "Sisi tumebaki na wanane tangu ukame. Baba angekuwa na sitini, tusingemwomba mtu ada."

"Unajibu kilichoandikwa, binti, siyo mambo ya kwenu," alisema Hhando.

"Ndicho kilichoandikwa, bwana afisa."

Hhando akamsukumia mwalimu kalamu. Remigius alijua barua ya kukiri humfukuzisha mtu kazi. Akaandika: "Watoto waliisoma habari. Aliyeitunga hakuwauliza wenye ng'ombe." Akatia sahihi.

Hhando aliikunja barua, akasema matokeo yamefutwa vilevile. Akiwa juu ya pikipiki akashusha sauti: ana harusi ya binti yake mwezi ujao, mwalimu amwombee dume la ng'ombe kwa mzazi yeyote, bei ya kirafiki.

"Watu wa huku mna mali, bwana," alisema.

Remigius alirudi darasani, akachukua kalamu nyekundu na kuanza kusahihisha upya swali la nne, karatasi zote arobaini na moja, ingawa hakuna ambaye angezisoma tena. Alianza na ya Soila.