Njoo na Gari

Generosa alikuwa na msimamo mmoja kuhusu ujumbe wa kosa: ukimwacha msomaji anabahatisha, haujakamilika. Ujumbe useme kimetokea nini, kimetokea wapi, na mtu afanye nini. Mengine yote, kwa maoni yake, yalikuwa mapambo.

Idara yao, katika chuo kimoja pembezoni mwa Dodoma, ilikuwa ikitengeneza lugha ndogo ya kuandikia programu kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanafunzi huandika maagizo yake, na kompaila huyasoma kabla mashine haijayatekeleza. Pakiwa na tatizo, kompaila humwambia. Kompaila walizozizoea zilisema kwa Kiingereza cha wahandisi, na wanafunzi wengi, wakishaona maandishi mekundu, waliinuka wakaenda kunywa chai. Hii yao ingesema Kiswahili. Masudi, mtu wa Kondoa aliyeketi meza ya pili, ndiye aliyeiita Mtama. Alisema ni zao pekee lisiloikimbia Dodoma.

Wawili hao waligawana kazi, na hawakukubaliana hata siku moja.

"Sikiliza hii," Masudi alisema asubuhi ya Ijumaa hiyo, akisoma kwenye skrini. "'Samahani, kuna kitu hakijakaa sawa karibu na mstari wa kumi na nne. Hebu tazama tena.'"

"Karibu na? Juu yake au chini yake?"

"Mama Kanuni, huyo ni mtoto wa watu, kafika chuoni juzi. Unataka umpige na neno 'kosa' usoni?"

"Simpigi. Namwonyesha lilipo." Akamsomea la kwake: "'Mstari wa 14. Umetumia jina jumla, lakini hujalipa thamani. Lipe thamani kabla ya mstari huu, kwa mfano: jumla = 0.' Basi. Anarekebisha, anaendelea na maisha yake."

"Wewe ukienda kuposa utasema, 'Nimekuja kuchukua binti, yuko wapi, nifanye nini.'"

Emiliana, katibu muhtasi wa idara, alicheka huko mlangoni. Generosa hakucheka, ila jambo moja alikuwa ameshamwachia Masudi kwa ajili ya amani. Kompaila hutoa taarifa za aina mbili. Liko kosa, ambalo limeshaizuia programu isiende, na liko onyo, ambapo programu bado inakwenda ingawa mbele kuna hatari. Masudi alitaka zote zitangulizwe na neno moja la upole, "Angalia". Generosa aliona ni uvivu, lakini akakubali.

Simu ililia mazungumzo yakiwa hapo. Ilikuwa ya mdogo wake, Meshack, kutoka nyumbani Haneti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Vipi huko?"

Meshack alikohoa. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye kanisani. "Dada, mama amezidiwa. Njoo. Njoo na gari."

"Amezidiwa vipi? Yuko hospitali?"

"Hapana, yuko hapa hapa nyumbani."

"Anaongea?"

"We njoo tu, dada. Tutaongea ukifika." Akakata.

Generosa aliiweka simu mezani, skrini ikitazama chini. Aliyajua maneno hayo. Baba yao alipofariki, baba mdogo Sostenes alimpigia akasema vivyo hivyo: baba yako amezidiwa, njoo nyumbani, tutaongea ukifika. Wakati huo maiti ilikuwa imeshaoshwa. Hakuna aliyelaumiwa. Msiba hautupwi kwenye simu kwa mtu aliye peke yake mbali. Anaitwa, anafika, anashikwa mikono pande zote mbili, ndipo anaambiwa. Kila mtu katika ofisi ile aliwahi kuitwa hivyo, au kumwita mwingine hivyo.

"Mama," alisema, na hakumaliza.

Emiliana alishamfikia. Alimfunga khanga mabegani, akaichukua simu yake. "Hii nakaa nayo mimi. Watapiga wengi, usisumbuliwe."

Masudi alisimama na funguo za gari mkononi. "Twende basi. Lakini, Generosa… Meshack kasema amefariki?"

"Hajasema. Nani husema?"

Masudi aliinamisha kichwa. Alipoitwa kwa ajili ya kaka yake, yeye naye hakuambiwa.

Kwa kuwa aliamini yaliyokwisha kutokea hayahitaji haraka, Generosa alipanga mambo kwa utaratibu, kama alivyopanga kila kitu. Dada yake, Cecilia, alikuwa Morogoro. Haifai watoto wa marehemu waingie nyumbani mmoja mmoja kama wageni, kwa hiyo wangemsubiri aje kwa treni. Nyumbani hakukuwa na turubai la kuwakinga waombolezaji na jua, basi wangekodi la mjini. Walinunua mchele, sukari na majani ya chai. Wafanyakazi wenzake walipita kumshika mkono. Generosa aliwajibu wote kwa sauti iliyonyooka. Mara moja tu, wakati Masudi akifunga turubai juu ya gari, alisema bila kumtazama mtu, "Alitaka nimletee miwani mpya. Nilishaiagiza."

Cecilia alishuka kwenye treni akiwa ameshavimba macho. Ndani ya gari, Emiliana, aliyewasindikiza na simu ya Generosa mkononi, alimpokea Meshack, ambaye alikuwa amepiga mara kadhaa walipokuwa mjini, katikati ya makelele ya soko, bila kusikika.

"Mmefika wapi?" Meshack aliuliza.

"Tumo njiani, kaka. Jikazeni, tunakuja."

"Haya. Msichelewe," akasema, na wote waliomsikia waliona ni kauli ya mtu aliyechoka kupokea watu.

Jua lilikuwa limeshaegemea magharibi walipoacha lami na kuingia njia ya vumbi iendayo nyumbani. Generosa alitazama mbele, na jambo la kwanza aliloliona ni kile ambacho hakikuwapo. Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mabenchi ya kuazima kanisani wala wanaume waliokaa kimya kando ya ukuta. Hapakuwa na moto mkubwa, wala wanawake wa kijiji na masufuria yao. Kuku walikuwa wakiparua kando ya jiko kama siku yoyote.

Moyo wake ulifanya hesabu kabla yake. Msiba wa tangu asubuhi ungekuwa umeshajaza uwanja huu. Kwa hiyo hapakuwa na msiba. Kwa hiyo Meshack alisema kweli, neno kwa neno: mama amezidiwa, yuko nyumbani, njoo na gari. Kwa hiyo gari limefika.

"Simamisha," alimwambia Masudi. "Yuko hai. Shusheni hilo turubai na magunia, tumlaze nyuma, tumpeleke hospitali. Shusheni!"

Alifungua mlango gari likiwa bado linatembea. Alikuwa amefika katikati ya uwanja sauti ya mwanamke mmoja ilipopanda kutoka ndani ya nyumba, ndefu, ya kwanza, bila ya pili ya kuipokea.

Meshack alitoka, akaegemea mlango.

"Sasa hivi," alisema. "Sasa hivi tu, dada."

Generosa alisimama pale alipokuwa.

"Mganga wa zahanati alisema tumkimbize Dodoma. Nikasema dada anakuja na gari, atafika mapema kuliko nikianza kutafuta la hapa." Aliongea bila hasira, akitoa maelezo tu. "Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda chake nikipiga. Anasikia kila kitu. Ningesemaje mbele yake? Kila saa ananiuliza, Generosa kafika wapi. Namwambia yuko njiani."

"Nilimsubiri Cecilia," Generosa alisema.

Ilikuwa kweli. Haikueleza kitu.

Meshack aliitikia kwa kichwa. Kisha macho yake yalimpita dada yake, yakafika kwenye gari, ambapo Masudi alikuwa ameshafungua kamba na turubai la kukodi lilikuwa limeteremka nusu, la bluu, likiburuta vumbini. Alilitazama. Akatazama magunia nyuma ya viti. Akamtazama Generosa, kwa muda mrefu.

Alikwenda akashika upande mmoja wa turubai, Masudi akashika wa pili, wakalibeba mpaka uwanjani. Lilikuwa linahitajika sasa.

Generosa alirudi kazini baada ya matanga. Masudi alikuwa ameondoa kila "samahani" na kila "hebu" kwenye ujumbe alioandika. Ilikuwa pole yake, na hakuitaja. Generosa aliusoma wote, mmoja mmoja.

"Lile 'Angalia' litoke," alisema mwishowe. "Mstari wa kwanza, kabla ya nini na wapi, useme kama programu imesimama au bado inakwenda."

"Sawa. Andika unavyotaka uwe."

Aliandika wa onyo kwanza: "Programu bado inakwenda. Rekebisha mstari huu sasa."

Masudi alisogea kusoma. Aliona neno moja lisilo na kazi, kwa sheria za Generosa mwenyewe. "Hilo 'sasa' la nini? Kompaila haijui muda."

"Najua haijui," Generosa alisema. "Liache."