Kitunguu cha Saa Saba

"Kwa hiyo wanangu wale mate?" nilimwuliza Karani, mwiko mkononi, sauti nimeipandisha makusudi ili hata wa mlango wa mwisho asikose.

Akasema wanangu wale wanachotaka, ila kitunguu kisikaangwe tena kwenye korido ile. Harufu inaingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, na jana mama yake alitapika mara tatu. Nikamwambia korido ni ya wapangaji wote na mlango wake una kitasa. Akasema ameufunga. Nikamwambia basi auzibe na tambara. Huyu ni karani wa masijala ya mahakama, mtu anayeweza kukuambia faili lako halionekani huku amelikalia, na aliniangalia kwa macho yale yale ya kazini.

"Mama Pacha," akasema taratibu, "mama yangu ana saratani. Wewe una kitunguu."

Mimi nasuka nywele, mteja hatoki kwangu bila habari za mitaa mitatu, lakini siku hiyo niliinamisha kichwa nikaepua sufuria. Kuanzia hapo tukawa tunakula maharage ya kuchemsha na chumvi. Pacha wangu wakayaita maharage ya wodini.

Mama yake tunamwita Mpishi. Alipika shule ya bweni miaka thelathini na moja, kwenye masufuria ambayo mtu mzima angeweza kuogea ndani. Alipostaafu akaja kukaa na bintiye, mlango unaotazamana na wangu, na mlango huo haukujua kufungwa. Ukipita na njaa unaitwa, ukipita umeshiba unaitwa pia, angalau uonje chumvi. Jumapili baada ya ibada kwaya nzima ilikuwa inahamia pale, besi wamekaa kitandani kwa kukosa viti, sahani zimepangwa magotini. Kelele zake ungedhani kuna harusi.

Kisha nyama ikaanza kumkwama. Baadaye wali. Baadaye chai. Wakamshusha kamera kooni, na daktari akasema mrija wa chakula una saratani, tena imeshatembea mpaka kwenye ini. Wakampiga mionzi ili apate nafuu ya kumeza, isipatikane, wakamtoboa tumbo wakaweka mpira wa kumlishia. Mpishi asiyeweza kumeza. Mtaa wote ulilisema hilo, mimi wa kwanza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona kuna habari isiyo na raha ya kuisimulia.

Hapo ndipo Karani alipoifunga nyumba. Wageni wawili wawili, Jumamosi tu, dakika kumi. Kwaya itume salamu. Jiko lao la gesi akaligeuzia ukutani na kulifunika kitambaa, masufuria akayapandisha juu ya kabati. Yeye mwenyewe akawa anashindia mkate mkavu, maji ya maziwa ya mama anachemsha kwa birika la umeme. Ukipita pale husikii hata kijiko.

Ugomvi wetu ulikuwa ugomvi, lakini ufunguo aliniachia mimi, maana mchana hakuna mwingine. Saa saba ninaacha mteja kichwa nusu, nanawa mafuta mikononi, naenda kumimina maziwa kwenye mpira, pole pole, nimeuinua kidogo ili yashuke yenyewe. Mpishi anayatazama yakipita kama mtu anayetazama gari alilolikosa.

Alhamisi moja akaniuliza, "Siku hizi hupiki?"

Nikamwambia napika. Akasema uongo huo nikamwambie mchungaji. Kitunguu changu ndicho kilikuwa saa yake. Kikianza kulia kwenye mafuta anajua ni saa saba, anajua watoto wametoka shule, anajua mimi nimeshagombana na mtu. Sasa siku zote zimekuwa kitu kimoja, kama maji. Nikamweleza habari ya kutapika. Akacheka mpaka akashika mpira usichomoke.

"Zile ni dawa, mwanangu. Miaka thelathini na moja nikatae kitunguu leo?"

Halafu akaanza kunisimulia mambo ya zamani. Baba yake alikuwa katekista, na sala yake ya chakula ilikuwa ndefu kiasi kwamba mchuzi ulikuwa unaganda. Watoto wanasali jicho moja limefumba, la pili liko kwenye nyama. Mdogo wake wa kiume siku moja akapiga "Amina" katikati ya sala, wenzake wakaitikia, mikono ikaingia bakulini, na baba akabaki peke yake anawaombea wagonjwa. Mdogo wake huyo keshazikwa. Kati ya wote tisa amebaki yeye.

Mama yao ndiye aliyetangulia. Aliumwa ndani, nyuma ya pazia, yeye Mpishi akiwa na miaka kumi. Wakubwa wakasema mgonjwa anataka utulivu, watoto wakapelekwa kwa shangazi, jiko likahamishiwa mbali. Waliporudishwa majivu yalikuwa baridi na mama yao hayupo tena.

"Yule mama alizaa watoto tisa," akasema, "akafa anasikiliza nzi."

Akanieleza kwamba siku hizi akisali Baba Yetu anairuka sehemu ya mkate. Karani alimsikia, akamkimbilia mchungaji kusema kwamba ugonjwa umefika kichwani. Haukufika popote. Anairuka kwa sababu akiomba asichoweza kumeza atakuwa anamtania Mungu, na wao wawili hawajafikia utani huo. Kumkasirikia, ndiyo, amemkasirikia. Lakini bado wanaongea.

"Niwashie jiko langu, Mama Pacha. Sitaki kufa kama mama yangu."

Nilimwogopa Karani, nisiseme uongo. Nikamfikiria pia mteja wangu aliyekaa na kichwa nusu. Nikaenda nikamleta mteja huyo huyo, akanisaidia kuligeuza jiko na kushusha sufuria kubwa. Mpishi tukamkalisha mlangoni kwenye kiti cha mikono, mto mgongoni. Akataka kisu. Kiwiko kimebaki mfupa, lakini vitunguu vilitoka vyembamba kama karatasi, na hakuvitazama hata kimoja, alikuwa anatutazama sisi. Akaniambia mafuta bado, nisubiri. Akaniambia sasa. Kitunguu kilipolia alifumba macho.

Korido ina pua. Wa kwanza kutokea alikuwa fundi redio, eti anatafuta kiberiti. Wakafuata pacha wangu. Kufika saa kumi wali na maharage vilikuwa vimeiva, na watu walikuwa wamekaa kitandani, sakafuni, juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mtu amekwishamtania fundi redio kwamba kiberiti anakitafuta kwa kijiko.

Karani akatokea na mkoba wake begani. Kelele zikakatika. Alilitazama jiko kwanza, ndipo akamtazama mama yake. Nilisubiri anitukane, nilikuwa nastahili. Akakaa chini pale pale koridoni, na sketi yake ya kazini.

Ndipo akasema, tukajua. Aliweka nadhiri, usiku ule wa majibu ya kamera, kwamba jiko la nyumba ile halitawaka mpaka mama yake apone na ale kwa mdomo wake. Mambo ya harufu, mpaka kitunguu changu, alituambia sisi tusije kuuliza mbona kwao hakuwaki moto. Miezi minne ameishika nadhiri yake kwa mkate mkavu, na sisi tumemwita bahili.

"Umewasha," akamwambia mama yake. "Sasa nitamwambia nini Mungu?"

Mtu mmoja akapunguza moto.

"Uliweka nadhiri juu ya mwili wangu bila kuniuliza," Mpishi akasema. Hakusema kwa ukali. "Sitapona, mwanangu. Unajua, mafaili yote umeyasoma wewe."

"Mama, usiseme hivyo."

"Basi niseme lini? Hiyo nadhiri niachie mimi. Nitafika kabla yako, nitamweleza mwenyewe. Nitamwambia binti yangu alikuwa tayari kukaa na njaa mpaka mwisho, ila mimi ndiye nilimkataza."

Karani akalia kama mtoto anayelia kwa kumezameza, mabega yanapanda na kushuka. Hakuna aliyemwambia nyamaza. Nilitaka kwenda kumshika, Mpishi akanizuia kwa kidole. Akangoja. Akachukua sahani yeye mwenyewe, akapakua wali, akapakua maharage, akaongeza kijiko kimoja juu kama alivyokuwa akiwaongezea wanafunzi wembamba.

Kisha akasogeza miguu yake kando, mlango ukapata nafasi ya mtu mmoja kupita.

"Karibu ndani, mwanangu," akasema. "Vua viatu, unawe mikono, uje ule."